Kiduha si Kimoja

Tangu bodi ya viuatilifu ya Kenya iisajili dawa ya kuvu iitwayo Kichawi Kill mwaka 2021, kuna kauli moja imenichosha vikaoni: kuvu ya kuua kiduha, gugu linalonyonya mahindi, imeshapatikana, kilichobaki ni kusambaza. Inatamkwa kama vile mbolea imeshushwa ghalani. Kuvu yenyewe siipingi. Napinga imani kwamba kuvu ni moja, na gugu nalo ni moja.

Haki itendeke kwanza. Kuvu hiyo, ambayo ni fusariamu, humfikia mkulima ikiwa juu ya kijiti cha kuchokolea meno. Huoteshwa kwenye wali kwa siku chache, kisha wali huo hutiwa kidogo kidogo katika kila shimo la mahindi. Magharibi mwa Kenya wakulima 500 waliijaribu, mavuno yakapanda kwa zaidi ya asilimia 40. Kwa aliyeshuhudia shamba lake likigeuka zambarau kwa maua ya kiduha, hilo si jambo dogo. Wapo pia wanaosema njaa haisubiri maabara, na kwamba kuvu ni kiumbe hai, itabadilika kadiri gugu linavyobadilika. Sawa, tumesikia.

Sasa tutazame Australia. Mwaka 1971 watafiti wa huko walileta kutu, kuvu inayoshambulia mimea, kutoka Italia ili iangamize kondrila, gugu lililokuwa likiwatesa wakulima wa ngano kusini-mashariki mwa nchi. Kutu ikapeperushwa na upepo, ikavamia mashamba kwa kasi ya kushangaza. Lakini kondrila ya huko ilikuwa ya namna tatu: ya majani membamba, ya majani ya wastani na ya majani mapana. Ukoo ule wa kutu uliiua ya majani membamba, ambayo ndiyo iliyokuwa imeenea zaidi. Nyingine mbili hazikudhurika. Zikajitanua hadi kwenye ardhi iliyoachwa na ndugu yao, na watafiti wakalazimika kurudi kutafuta koo nyingine za kutu.

Na kondrila ni gugu jepesi kulielewa! Mbegu zake hutunga bila kuchavushwa, mtoto akawa nakala ya mama. Walikuwa na shabaha tatu tu, na bado wakakosa mbili.

Kiduha cha Siaya na Shinyanga hakizai hivyo. Sharti kipate chavua ya mmea mwingine, kwa hiyo kila mbegu ni mchanganyiko mpya. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, laini kama vumbi, zinazoweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10. Katika akiba hiyo ya udongo, ukoo mmoja wa kuvu utakuta viduha vya kufa, vya kuugua kidogo, na visivyojali kabisa. Visivyojali ndivyo vitakavyochanua, na mbegu zake ndizo zitakazomsubiri mkulima msimu ujao. Kuvu nayo imeshachujwa: watafiti walichagua zile zinazomwaga kwa wingi asidi amino zinazodhuru kiduha. Ni ujanja wa kusifiwa, ila kila ukichuja unapunguza aina za kuvu.

Halafu naambiwa habari za koo za kuvu tuwaachie wataalamu. Tuwaachie vipi, ilhali gunia linalopotea ni la mkulima? Waingereza, pamoja na maabara zao, waliachilia kutu ya India dhidi ya balsamu ya Himalaya, gugu la kingo za mito, mwaka 2014. Kwenye baadhi ya kingo hizo kutu haikushika. Mwaka 2017 wakarudi na ukoo mwingine, kutoka Pakistan. Nani kawaambia wakubwa wetu kwamba sisi tutapatia kwa kubahatisha?

Ninachodai hakihitaji ikulu. Kabla kijiti hakijapelekwa wilaya mpya, vikusanywe viduha vya huko, vipandwe kwenye vyungu pamoja na kuvu, na vihesabiwe vitakavyobaki vimesimama. Tanzania ikitaka kuiga, ikumbuke kwamba kiduha cha maua mekundu cha Pwani na kile cha zambarau cha Kanda ya Ziwa ni spishi mbili zilizopewa jina moja. Isianze kwa kuuliza bei ya kijiti.