Aliyeshika Patasi

Katika darasa letu la uzamili, msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, hufundishwa kama barua iliyotumwa kutoka Uajemi. Mihrabu yake ina maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Ni kazi nzuri mno. Na kwa kuwa ni nzuri mno, mjadala huishia pale pale: mkono uliochonga ulitoka Siraf.

Sikatai kwamba mtindo unafanana. Majahazi yalikwenda na kurudi, na fundi naye ni abiria. Ninachokataa ni kulisahau jiwe. Tumbawe la nakshi hukatwa likiwa hai, chini ya maji. Likitoka baharini ni laini, linaitikia patasi. Likikaa hewani linakuwa gumu. Si mzigo wa kuagiza ng'ambo ukaja kuchongwa kwa nafasi. Lazima awepo mtu anayejua ni mwamba upi una tumbawe lenye chembe ndogo, maji yanakupwa lini, na jiwe lisubiri kwa muda gani kabla ya kuguswa. Elimu hiyo haikushushwa bandarini. Ilikuwa kwa watu wa pwani hii, na sisi tunaiandika "malighafi ya eneo husika", kana kwamba jiwe lilijikata lenyewe likapanda ufukweni.

Milango imepata balaa hiyo hiyo. Ya Mji Mkongwe tumeigawa kwa makabila: huu wa Kiarabu, ule wa Kihindi. Ni kweli kwamba nakshi zilisafiri, na milango mingi ya matajiri ilikuwa ya msaji ulioletwa kwa meli. Lakini ipo ya mfenesi, ipo ya mbambakofi, na Siyu, kisiwani Pate, ilisifika kwa wachongaji wake. Hao hawaingii kwenye hadithi. Mtembeza watalii atakueleza misumari ya shaba iliyozuia tembo wa vita huko India. (Tembo gani aliwahi kuzurura Shangani?) Mlango una kabila, una tembo, una tajiri aliyeuagiza. Fundi hana lolote.

Hapo huletwa hoja ya unyenyekevu: mafundi wetu, wanasema, hawakupenda kujitaja. Basi turudi Kizimkazi. Maandishi yale yanamtaja aliyeamuru msikiti ujengwe. Unyenyekevu gani huu unaomwangukia mshika patasi peke yake?

Na haujakwisha. Nimeona mlango mpya wa hoteli, mfaa wake umejaa maua na mnyororo, kazi ya majuma kadhaa. Jina la hoteli limechongwa kwenye kizingiti cha juu. Mkono uliochonga jina hilo ungeweza kuchonga na la kwake chini ya mfaa, herufi chache tu, karibu na sakafu. Mwenye hoteli hakuombwa, naye hakufikiria. Nanyi mnaoandika tasnifu kuhusu milango, mafundi wengine wako hai na karakana zao ziko wazi: ingieni, muulize jina, mliandike.