Bima ya Nyumba Isomwe Kabla ya Masika

Bima ya nyumba hulipa kile tu kilichoandikwa kwenye hati yake. Nyumbani Tanzania, kinga ya msingi ni ya moto na radi. Mafuriko, tufani na tetemeko la ardhi huongezwa kwa ada ya ziada, mwenye nyumba akiomba. Asipoomba, mto Msimbazi ukivunja ukuta wake, madai yake hukataliwa, na mkataba unaruhusu hivyo.

Huko Houston, wanakoishi Watanzania wengi, somo hili lilikuwa chungu. Bima ya kawaida ya nyumba Marekani hailipi mafuriko. Kinga hiyo hununuliwa kando, hasa kupitia mpango wa serikali ulioanzishwa 1968: hadi dola 250,000 kwa jengo la familia, 100,000 kwa vyombo, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa. Kimbunga Harvey kilipopiga Agosti 2017, wengi walioingiliwa na maji hawakuwa nayo.

Kiasi cha bima nacho kikaguliwe kila mwaka. Nyumba nyingi za Dar es Salaam, zikiwemo zinazojengwa kwa pesa za ughaibuni, hukua kidogo kidogo: leo vyumba viwili, mwakani ukumbi na uzio. Hati hubaki na thamani ya zamani. Kujenga upya kukigharimu milioni 100 na bima ikawa ya milioni 60, hasara ya milioni 20 inaweza kulipwa milioni 12 tu, kwa uwiano uleule. Familia hulia kwamba imedhulumiwa, kumbe kipengele cha uwiano huo kilikuwemo tangu siku ya kusaini.

Dawa ni moja, na imecheleweshwa mno: ukurasa wa kwanza wa kila hati uwe wa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Utaje majanga yanayolipwa na yasiyolipwa, kiwango cha juu cha fidia, sehemu ya hasara ambayo mwenye nyumba atajibebea, na muda wa kutoa taarifa. Fundi wa Mbagala hapaswi kusainishwa kurasa za Kiingereza cha mawakili. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ndiyo yenye wajibu wa kulidai hili kwa makampuni.

Ni kweli, aliyeondoka nchini hukemea akiwa mbali na maji. Dar es Salaam ilipofurika Desemba 2011 na baadhi ya waathirika kuhamishiwa eneo la Mabwepande, walioko nje walituma pesa. Waliobeba wazee mgongoni ni waliobaki. Deni hilo kwao halijalipwa. Hata hivyo, kungoja michango ya ukoo kila masika na kuyaita yote kudra ni uzembe, na wapendwa huambiwa ukweli.

Masika huanza Machi. Hati itolewe kabatini Januari, isomwe pamoja na wakala, na jibu kuhusu mafuriko lidaiwe kwa maandishi.