Noti ni zako, mbona ufunguo ni wa chuo?

Komredi, kazi zako zote za chuo ziko wapi saa hii? Kama ziko kwenye mfumo wa masomo wa chuo pekee, jipange. Mimi nilitoka mwaka wa pili, karo ikiwa haijaisha. Akaunti ilipofungwa, insha zangu zilibaki huko ndani.

Sio lawama kwa programu. Moodle, iliyotolewa 2002, ni ya bure na hata ina sehemu ya wiki. Shida ni kwamba kila kozi ni chumba, na ufunguo anao msimamizi.

Chuo Kikuu cha Mary Washington kule Virginia, Marekani, kilijaribu njia nyingine. Mwaka 2007 kilianzisha UMW Blogs kwa WordPress, wanafunzi na malec wakawa na blogu zao. Kufikia 2013 kilikuwa na mpango wa kumpa kila mwanafunzi anwani yake ya wavuti. Ukihitimu, unaweza kuondoka nayo.

Na wiki? Darasa zima linaandika ukurasa mmoja. Ukiharibu aya, mwenzako anairudisha kutoka kwa historia. Historia hiyohiyo inaanika wale hulala wakati wa kazi ya kikundi (mnajijua).

Sisemi mfumo wa chuo uzimwe. Alama zako si za kuanikwa hadharani, zibaki huko. Lakini insha, picha na utafiti wako, hamisha kwa blogu yako. Za bure zipo, na simu inatosha. Fanya hivyo kabla karo ya muhula ujao haijaitishwa.