Okidi ya Nchi Kavu Katika Ua wa Nyumba

Yafaa kila mkulima wa Ugogo na nchi za jirani ajue ya kuwa okidi si ua la matajiri, wala si la nchi za mvua nyingi peke yake. Jamaa ya okidi ni kubwa sana duniani, na vanila ilimwayo Kagera ni mmoja wa jamaa hiyo. Ziko okidi zishikazo juu ya miti, na ziko ziotazo ardhini kama mimea mingine. Karatasi hii yahusu hizi za ardhini, na shauri letu ni hili: mwenye kutaka okidi katika ua wake apande ile iliyozoea ukame, ambayo wataalamu huiita Eulophia petersii, na aitwae mahali ambapo ingeangamia. Okidi za viazi zitokazo nyanda za juu asizichimbe wala asizinunue.

Kwanza tueleze sababu ya katazo hili. Katika milima ya Makete na Njombe okidi za ardhini huota kwa wingi, kwa kuwa nchi ile ina mvua, baridi na ukungu. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Okidi nyingi za nchi ile zimechimbwa kwa ajili ya viazi vyake. Viazi hivyo hupelekwa Zambia, na huko hutwangwa na kuchanganywa na unga wa karanga, kikapikwa chakula kiitwacho chikanda.

Sasa angalia namna mmea ule unavyoishi. Chini ya shina mna viazi viwili: kimoja cha mwaka uliopita, kilichosinyaa, na kimoja kipya kilichojaa, ambacho ndicho akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hutwaa kile kilichojaa, na mmea hauoti tena. Hali yake ni kama ya mtu alaye mtama wake wote wa mbegu kabla ya mvua kunyesha.

Huenda mtu akauliza, je, mbegu zake hazitaota? Mbegu za okidi ni ndogo mfano wa vumbi, nazo hazina chakula ndani yake kama punje ya uwele au ya mahindi. Haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu za namna fulani zilizomo udongoni, zikalishwa nazo. Kwa sababu hiyo mtu hawezi kuzimwaga kitaluni akatazamia kuvuna miche. Pori likichimbwa lote, bustani haiwezi kulirudishia. Tena okidi zote zimo katika orodha za mkataba wa mataifa wa mwaka 1973 uhusuo biashara ya wanyama na mimea ya porini, na kuzivusha mpaka bila kibali ni kosa.

Hata mtu akipata viazi vile kwa njia ya haki, nchi yetu haivifai. Dodoma hupata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, nazo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni kiangazi. Lakini Eulophia petersii ni mmea wa nchi za namna hii hii. Huota tangu Arabuni, kupitia Afrika ya Mashariki, hata Afrika ya Kusini, katika vichaka vikavu na penye mawe. Mashina yake yamevimba na kukaa juu ya ardhi, nayo huhifadhi maji. Majani yake ni manene na magumu, hata asiyeujua hudhani ni mshubiri au mkonge wa porini. Bua la maua huweza kupita kimo cha mtu, na maua ni ya kijani yenye hudhurungi, na mdomo wake ni mweupe wenye alama za zambarau.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, vichaka vingi vimefyekwa kwa ajili ya nyumba na barabara. Trekta likipita, mimea yote ya mahali pale hufa. Hapo ndipo pa kuitafuta okidi hii: katika kiwanja kitakachojengwa au shamba jipya litakalofyekwa, kwa ruhusa ya mwenyewe. Porini kulikosalimika na katika misitu ya hifadhi, mmea uachwe ulipo. Mwenye shaka amwulize ofisa wa misitu kabla ya kutia jembe.

Kazi ya kuipanda ni hii:

1. Ihamishe mwisho wa kiangazi, mwezi wa Oktoba au Novemba, ingali imepumzika. Chimba mbali kidogo na mashina ili mizizi isikatike.

2. Ukitaka kuigawa, kila fungu liwe na mashina yasiyopungua matatu. Paka jivu penye jeraha, ukaliache fungu kivulini siku chache hata likauke.

3. Chagua mahali palipoinuka, penye mchanga mnene na kokoto, na kivuli chepesi kama cha mgunga. Usipande katika udongo mweusi wa mbuga, maana hutuama maji, na mizizi huoza.

4. Fukia mizizi tu. Mashina yaliyovimba yabaki juu. Usitie samadi mbichi. Majani makavu yaliyooza yatosha.

5. Zungushia miiba ili mbuzi wasiikanyage wala kuitafuna. Mvua zikichelewa, nyunyiza maji kidogo. Kiangazi usiinyweshe kabisa.

Wako watakaosema ya kuwa ua si chakula, na mkulima mwenye njaa hana nafasi ya maua. Neno hili lina haki yake, wala hatumshauri mtu kuacha uwele na mtama kwa ajili ya okidi. Lakini mmea huu hauombi shamba. Hukaa katika pembe yenye mawe ambapo hata mlenda hauoti. Hauchukui ndoo ya maji ambayo mama ameibeba kutoka mbali, wala hauhitaji dawa. Gharama yake ni kazi ya asubuhi moja na miiba michache. Kwa gharama hiyo mtu huokoa kitu ambacho hakiwezi kununuliwa tena kikiisha kupotea, na watoto wake watakijua kwa macho, si kwa kusimuliwa.

Basi kabla ya kufyeka mwaka huu, pita kwanza kichakani ukatazame chini ya miiba, katikati ya mikonge ya porini. Ukiona mashina yaliyovimba na bua refu lililokauka la maua ya mwaka jana, uite jirani yako naye apate fungu lake. Mmea uliomo katika nyua mbili ni salama kuliko uliomo katika ua mmoja.