Kosa la mtoto, buloko ya mama



Wakati wa likizo niliona jambo ambalo halijanitoka kichwani. Kijana mmoja wa mtaa wetu alishitakiwa kwamba ameuzisha mbuzi ya jirani. Polisi wakaja usiku kumtafuta, hawakumkuta. Basi wakakamata mama yake. Mama hakuuzisha mbuzi, hakula mbuzi, hata harufu yake hakuisikia. Alilala kwa buloko usiku tatu, chini, na kitenge chake kimoja. Siku ya ine kijana akajileta mwenyewe. Mama akatoka, lakini kwanza jamaa ilitafuta franga za kufungulia mlango, na ili kuzipata ilibidi wauzishe mbuzi. Ndiyo, mbuzi ingine, ya kwao.

Watu mingi wa mtaa walisema: "Ni sawa tu. Bila kukamata mama, ule mutoto hangetoka." Hata mjomba wangu alisema hivyo, naye ni mtu wa kuhesabiwa katika kanisa. Nilinyamaza, maana mtoto habishani na mjomba. Lakini hapa kwa gazeti letu naweza kujibu kwa heshima.

Kweli, ile njia inaleta watu. Lakini inaleta watu gani? Inaleta yule anayempenda mama yake. Mwenye moyo mgumu, akisikia mama yuko ndani, anavuka mpaka, anakwenda zake Uganda, na mama anabaki pale. Ni kusema tunanasa wenye huruma na tunaacha wabaya. Tena, kule kujileta kwa kijana hakuonyeshi kama aliuzisha mbuzi ao hakuuzisha. Kunaonyesha tu kwamba ana mama.

Sheria ilikwisha kukata neno hili. Katiba ya inchi yetu, ile wazazi wetu walipigia kura mwezi wa Desemba 2005 na iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inasema katika kifungu cha 17 kwamba kosa ni la mwenye kulitenda: hakuna mtu wa kufuatwa, kukamatwa, kufungwa ao kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Na hata yule mwenye kushitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itoke. Kifungu cha 18 kinaongeza: mwenye kukamatwa aambiwe mara moja sababu, katika luga anayoisikia, aweze kuonana na jamaa yake ao avoka wake, na masaa 48 yakiisha, polisi wamwachilie ao wamtoe kwa mkubwa wa sheria anayehusika. Hesabuni wenyewe usiku tatu ni masaa ngapi.

Yule mama waliandika karatasi yake kwa Kifaransa. Akatia kidole. Hakujua amekubali nini. Sisi wanafunzi tulikuwa pale nje watatu, watu wa kusoma Kifaransa kila siku, na hakuna aliyesema: "Mukubwa, tunaomba tumusomee mama." Mimi nilikuwa mmoja wao. Ilikuwa woga tu.

Wengine watasema polisi naye anateseka, mshahara hautoshi. Sikatai. Lakini njo hapo ubaya unazaliwa: jamaa ya mtu asiye na kosa inalipa mbio kupita jamaa ya mwizi.

Sisi ni watoto wa kanisa, basi someni tena Matendo ya Mitume 17. Watu wa Tesalonika walitafuta Paulo na Sila kwa nyumba ya Yasoni. Hawakuwaona. Wakamburuta Yasoni na ndugu wengine mpaka kwa wakubwa wa mji, na hawakuachiliwa mpaka walipotoa dhamana. Nimesikia mahubiri mingi juu ya Paulo. Juu ya Yasoni, hata moja. Na zamani sana, Kumbukumbu la Torati 24:16 ilikuwa imekwisha kukataza baba auawe kwa ajili ya mtoto, ao mtoto kwa ajili ya baba.

Na sisi wa interna tusijisifu. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo feza zilipotea katika chumba cha kulala. Yule tuliyemfikiria alikuwa amerudi kwao mgonjwa. Basi tukamgeukia mdogo wake wa mwaka wa kwanza. Tukapindua sanduku yake, tukamwita "mwizi" mpaka akaacha kula pamoja nasi. Hakuna polisi aliyetutuma. Upande mmoja wa ile sanduku niliushika mimi.

Nimegeuza vifungu vya 17 na 18 katika Kiswahili chetu, karatasi moja tu. Bwana Prefe ameruhusu niibandike karibu na mlango wa maktaba. Anayetaka kunakili kwa kupelekea wazazi aje siku ya posho, kisha kazi ya mikono, na kalamu yake. Kuna maneno yamenishinda: "garde à vue". Niliandika "kuwekwa chini ya macho ya polisi", mwalimu wa Kifaransa akacheka. Mwenye kupata neno lililo bora aniletee.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano