Dhahabu ya Mahari Tunaipima, Laptopu Tunaitazama Tu



Leo tunakuja na ugomvi. Tunagombana na wauzaji, tunagombana na mashangazi wa shughuli, na tutamalizia kwa kujigomba wenyewe, kwa sababu na sisi tumo.

Sisi ni dada wawili, tuna kibanda cha kushonea hapa Ulyankulu, Tabora. Mwaka jana mdogo wetu aliolewa. Ni mwalimu, na anasoma Chuo Kikuu Huria. Alipoulizwa mahari alitaja vitu vitatu: msahafu, pete ya dhahabu na laptopu ya kumalizia masomo. Wazee wakacheka kidogo, wakasema binti wa siku hizi huyu, wakaandika. Pete waliiandikia uzito na karati. Laptopu wakaiandika hivi: "laptopu moja."

Shemeji yetu ni mkulima wa tumbaku. Anayejua Tabora anajua pesa ya tumbaku inavyopatikana: kitalu, palizi, moshi wa bani, kupanga madaraja, kisha kungoja malipo. Akatukabidhi laki tano akasema, "Dada zangu, nyinyi ni wafanyabiashara, mnajua mjini. Nichagulieni."

Tukapanda gari hadi Tabora mjini. Dukani tukaonyeshwa laptopu nyeusi, imefutwa inang'aa, ina stika ya Core i5. Muuzaji akasema ni mzigo wa Dubai, imetumika kidogo tu, bei laki tano na nusu. Tukavutana naye nusu saa hadi 480,000. Tulitoka tumevimba vichwa. Tumepunguziwa elfu sabini!

Wapenzi, hatukuichomoa kwenye umeme hata dakika moja.

Nyumbani kwa bibi harusi umeme ni wa kukatika, na ukikatika anategemea sola ndogo. Betri ilikaa dakika ishirini. Kuwaka tu kulichukua muda wa kuchemsha chai. Wiki ya saba diski ilikufa, ikafa na kazi zake zote za chuo. Tulirudi dukani tukajibiwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Fundi akatuambia betri elfu sitini, diski elfu sabini. Pia akatusomea ile namba ndogo iliyo chini ya stika, ambayo sisi hatukuitazama: mashine ilikuwa na chipu ya mwaka 2012.

Shemeji hakusema neno. Afadhali angetutukana.

Sasa tusikilizane.

Nani aliyewahi kupokea dhahabu kwa macho? Sonara anaiweka kwenye mizani mbele ya wote, anataja gramu, anataja karati, na hakuna anayesema bibi harusi hana adabu. Muoaji haoni kadharauliwa. Lakini mwanamke akiifungua laptopu na kuuliza betri ina hali gani, shangazi anamfinya: "Zawadi haichunguzwi, mwanangu. Ndoa ni stara." Kwanza, mahari si zawadi. Ni haki ya mwanamke, na wanazuoni wa fikihi wamezungumzia mahari inayokutwa na aibu na hiari aliyonayo mke. Yakikufika, muulize kadhi au sheikh wako kabla ya kumuuliza shangazi. Pili, stara ni kumfunika mwenzio asiaibike. Kumfunikia muuzaji betri mbovu ni jambo jingine.

Wauzaji nao wana neno lao: "Bei ni makubaliano. Ulikubali mwenyewe." Ni kweli, Qur'ani inataja biashara ya kuridhiana, Surat An-Nisaa aya ya 29. Lakini tuliridhia nini sisi? Tuliridhia laptopu iliyotumika kidogo. Iliyokuwa mezani ilikuwa nyingine. Mtume (s.a.w.), kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim, alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuuweka ule unyevu juu watu wakauona, na akaelezwa kuwa mdanganyifu si miongoni mwetu. Laptopu iliyochomekwa kwenye umeme kutwa nzima ili betri isijulikane ni rundo lile lile.

Wengine husema, "Hata mimi sijui, zilikuja kwa mzigo." Inawezekana. Basi tuache tuipime mbele yako, na utupe wiki moja ya kuirudisha. Asiyejua anachouza hawezi kudai bei ya anayejua.

Na kuvutana bei? Hapa ndipo tunapojigomba. Sisi wanawake tunajisifu kwa kupunguziwa. Muuzaji anajua, kwa hiyo anapandisha juu ili apate pa kushukia. Elfu sabini tulizofurahia alikuwa ameziweka yeye mwenyewe. Kubishana bei kabla ya kujua kitu ni kama kukata kitambaa kabla ya kupima kiuno.

Wala si jambo geni katika njia hii yetu. Misafara iliyotoka Bagamoyo na Unguja kuja Tabora, na kuendelea hadi Ujiji, ilibeba merikani, kaniki na shanga. Merikani yenyewe iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani. Kitambaa kilipimwa kwa mkono, mikono minane ndiyo doti. Na shanga ilikuwa na balaa lake: rangi iliyopendwa mahali pamoja ilikataliwa mahali pengine, na mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa amebeba mzigo bure. Bei haikuamuliwa na gharama ya kuileta peke yake wala uzuri wa gunia. Iliamuliwa pia na kama kitu kinamfaa mtu wa pale kinapofikia. Wanyamwezi, waliobeba mizigo ile mabegani, walilijua hilo kabla yetu. Sisi tumekwenda kununua stika.

Katika kazi yetu tunanunua magauni ya harusi ya mtumba na kuyafanyia upya. Hatutazami lesi kwanza. Tunaligeuza ndani, tunatazama kwapa, tunavuta mshono, tunalinyanyua kwenye mwanga, tunapandisha zipu mara tatu. Kisha tunahesabu: zipu mpya kiasi gani, bitana kiasi gani, siku ngapi za kazi. Zinazobaki ndiyo bei yetu. Tulipoingia duka la laptopu tuliisahau akili yetu yote mlangoni. Basi hii hapa, tumeirudisha:

1. Soma namba, usisome stika. Core i5 ziko za kila umri. Namba ya chipu ikiwa 3320M, hiyo 3 ya mwanzo ni kizazi cha tatu, cha 2012. Ikiwa 8250U ni kizazi cha nane, kilichoanza 2017. Kizazi cha nane ni mpaka muhimu, kwa sababu Windows 11 kwa kawaida haizikubali chipu za Intel za kabla yake, na Windows 10 ilimaliza kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya chini ya hapo bado inaweza kufanya kazi, hata kwa Linux ambayo ni bure, lakini bei yake haiwezi kulingana na ya juu.

2. Iwashe ikiwa imezimwa kabisa, na chaji imechomolewa. Wengi huiwasha kabla hujafika. Omba izimwe, chomoa, iwashe, uhesabu muda.

3. Ipime betri. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport. Itakutengenezea ukurasa wenye namba mbili: Design Capacity, uwezo ilipozaliwa, na Full Charge Capacity, uwezo wa leo. Yetu ilizaliwa na 56,000, ikawa imebaki 14,000. Robo! Kila betri ya lithiamu huchoka kwa umri na kwa kuchajiwa, hilo si kosa la mtu. Kosa ni kukuuzia robo kwa bei ya nzima.

4. Uliza diski ya aina gani. Ya zamani ina sahani inayozunguka, ni nzito na huumia ikiangushwa. SSD haina kinachozunguka na huwaka haraka. Ipo programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo inayoonyesha afya ya diski. Na kama RAM ni GB 4, jua itakwama ukifungua mambo mawili matatu. 8 ndiyo ya kazi.

5. Bonyeza kila kitufe, chomeka kila tundu, fungua kamera, unganisha intaneti, kitikise kifuniko uone bawaba. Tazama kioo kikiwa cheupe chote, madoa hujionyesha.

6. Ingia kwenye BIOS. Mashine nyingi za mtumba zilikuwa za makampuni huko ng'ambo. Ukiikuta imefungwa kwa nywila asiyoijua muuzaji, iache. Ama imeibwa ama itakusumbua. Mali ya wizi haihalaliki kwa sababu imewekwa kwenye sanduku la harusi.

7. Dai risiti ya EFD yenye namba ya mashine, na muda wa kurudisha uandikwe. Tanzania Bara kuna Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mnunuzi. Bila karatasi utaanzia wapi?

Baada ya hapo ndipo bei. Tulifanya hesabu hii tukiwa tumechelewa, nyinyi ifanyeni mapema. Tuliuliza maduka matatu laptopu ya aina na umri kama ule, ikiwa nzima na betri nzuri na SSD, inauzwaje. Ikawa kama 350,000. Toa matengenezo, 130,000. Inabaki 220,000. Hiyo ndiyo bei ya haki ya kile tulichobeba, tena kabla ya kutoa kitu kwa kukosa dhamana. Sisi tulilipa 480,000. Tofauti ni 260,000, pesa ya mtu aliyevuta moshi wa tumbaku msimu mzima.

Kisha gawanya kwa miaka. Laptopu ya laki sita itakayokuhudumia miaka minne ni laki moja na nusu kwa mwaka. Ya laki tatu itakayokufia ndani ya mwaka mmoja ni laki tatu kwa mwaka. Masikini ndiye anayeuziwa hiyo ya pili, akaambiwa ni nafuu.

Tusieleweke vibaya. Kitu kikuukuu si kibaya. Mwalimu wa madrasa anayetaka kuandika mitihani na kuhifadhi orodha ya wanafunzi, mashine ya 2012 kwa bei yake halali inamtosha kabisa, na kununua kipya kwa mkopo wa riba kwa ajili ya picha za harusi ni msiba mkubwa zaidi. Tunachokataa ni kikuukuu kuvalishwa bei ya kijana.

Kwa hiyo mama zetu, mshenga akija, msiandike "laptopu moja." Hiyo ni sawa na kuandika "dhahabu" bila gramu. Andikeni: kizazi cha nane au zaidi, RAM GB 8, SSD, betri isiyopungua robo tatu ya uwezo wake, na ikaguliwe kabla ya akdi. Bwana harusi asiyeweza kufikia hapo aseme, na bibi harusi apunguze kwa hiari yake akiwa anajua anachopunguza. Kwani tumeamrishwa tuwafanyie wepesi waoaji, na wepesi ni kumwambia kijana ukweli wa pesa yake pia. Shemeji yetu hakufanyiwa wepesi. Aliibiwa sisi tukiwa tumesimama pembeni tunatabasamu.

Ile 130,000 ya matengenezo tuliitoa sisi, kwenye malipo ya magauni matatu. Mdogo wetu ameandika upya kazi zake za chuo, zile alizozikumbuka. Ametusamehe, Allah amlipe. Lakini muhula ule uliopotea haukurudi, na duka lile bado liko wazi, na jirani yetu hapa ana bintiye wa kuolewa mwezi ujao. Tumeshamwambia: tutakwenda naye, na safari hii tunachomoa waya kwanza.

Dada, na wewe ukienda, igeuze upande wa ndani.

Allah atujaalie ndoa zenye kheri na riziki za halali. Wabillahi tawfiq.