Vishikwambi vya shule visizikwe vikiwa hai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linaloendelea kimya kimya katika shule zetu za msingi, hasa za vijijini. Jambo lenyewe ni vishikwambi vinavyogoma kuwaka, kisha vikafungiwa kabatini kama vitu vilivyokwisha kazi yake.

Wasomaji watakumbuka kwamba Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi badala ya makaratasi. Baada ya kazi hiyo Serikali iliamua vyombo hivyo visikae bure, ikavigawa kwa walimu ili tuviandalie masomo na kufundishia. Uamuzi huo ulikuwa mzuri na nauunga mkono kwa moyo wote. Mwalimu wa kijijini aliyekuwa akigawana kitabu kimoja na wenzake watatu, leo anaweza kusoma vitabu vya mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Hilo si jambo dogo.

Lakini chombo hakidumu kwa kugawiwa. Hudumu kwa kutunzwa na kutengenezwa, na hapo ndipo nionapo kasoro. Shuleni kwetu, baada ya likizo moja ya mwisho wa mwaka, vishikwambi vitatu havikuwaka. Mwenzetu mmoja alikipeleka chake katika ofisi inayohusika. Akaambiwa akiache, akakiacha. Baada ya miezi mitano alirudishiwa kama alivyokipeleka, bila maelezo. Wa pili alikwenda kwa fundi mnadani, akatakiwa alipe shilingi 40,000 kabla fundi hajauliza hata kilichajiwa lini mara ya mwisho. Wa tatu alikata tamaa, akakifungia. Baadaye tulipata chaja yenye nguvu ya kutosha, tukavichomeka vyote usiku kucha. Asubuhi viwili kati ya vitatu viliwaka. Je, ni vingapi vya namna hiyo vimezikwa makabatini vikiwa hai nchi nzima?

Wako watakaosema kwamba mwalimu si fundi, aachwe afundishe. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mkulima si mhunzi, lakini anajua kutofautisha jembe lililolegea mpini na jembe lililovunjika. La kwanza hulikaza mwenyewe, la pili hulipeleka kwa mhunzi. Nasi walimu tunahitaji ujuzi wa kiasi hicho tu. Kwa faida ya wenzangu nitaeleza machache.

Kwanza ni betri. Betri za vyombo hivi ni za lithiamu. Ikijaa hufika kiasi cha volti 4.2, na ikishuka hadi karibu volti 3 chombo hukataa kuwaka. Kishikwambi kilichowekwa kabatini likizo nzima huendelea kupoteza umeme kidogo kidogo hata kama kimezimwa. Kikichomekwa baada ya hapo kinaweza kukaa muda mrefu bila kuonyesha alama yoyote kwenye kioo. Wengi husubiri dakika tano, huchomoa, wakatangaza msiba. Kiachwe saa mbili au zaidi. Tena chaja iwe inayofaa. Soma maandishi yaliyo juu yake: iliyoandikwa volti 5 na ampea 2 ina nguvu ya kutosha, lakini chaja ya simu ndogo ya tochi mara nyingi haifiki hata ampea moja. Paneli ndogo ya jua siku ya mawingu ni hivyo hivyo. Jaribu na waya mwingine pia, maana waya hukatika kwa ndani na kwa nje usione kitu. Tundu la kuchajia likijaa vumbi, lisafishwe polepole kwa kijiti kikavu cha mti chombo kikiwa kimezimwa, siyo kwa sindano wala pini.

Pili, chombo kinaweza kuwa na umeme lakini kimeganda. Hapo bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia kwa muda wa sekunde 30 hivi. Mara nyingi hujizima na kuanza upya.

Tatu, kuna kile kinachoonyesha nembo ya kampuni, kikazima, kikaonyesha tena, bila kufika popote. Huyu mgonjwa wake si betri bali ni programu inayokiendesha, yaani Android. Vyombo vingi hufungua orodha ya matengenezo ukibonyeza kwa pamoja kitufe cha kuwashia na kile cha kuongeza sauti, ingawa vitufe hutofautiana kwa kila aina. Humo mna njia ya kufuta kila kitu ili chombo kianze kama kipya. Hapa nawasihi walimu wenzangu wawe waangalifu. Njia hiyo huondoa maandalio ya masomo, alama za wanafunzi na picha zote ambazo hazijawekwa akiba kwingine. Isitoshe, kuanzia Android 5.1 iliyotoka mwaka 2015, chombo kilichofutwa kwa njia hiyo hudai akaunti ya Google iliyokuwamo kabla. Asiyeijua atabaki nje ya mlango, na chombo kizima kitakuwa hakina kazi. Ulinzi huo uliwekwa dhidi ya wezi, lakini kwa chombo cha umma kilichopita mikono ya watu kadhaa unaweza kumfungia nje hata mwenye haki.

Nne, yako mambo ambayo mwalimu asiyaguse. Betri iliyovimba hadi kuinua kioo isichajiwe, isitobolewe wala isibanwe irudi ndani, maana inaweza kuwaka moto. Wala asimruhusu fundi kupandikiza programu ya aina nyingine ya kishikwambi kwa madai kwamba zote ni sawa. Si sawa, na chombo ambacho kingepona kinaweza kufa moja kwa moja.

Ndugu Mhariri, katika haya niliyoyataja hakuna linalohitaji shahada. Chuoni tulifundishwa kutengeneza zana za kufundishia kwa maboksi, vizibo vya soda na udongo wa mfinyanzi, na tukafundishwa pia kuzitunza. Kwa nini zana ghali kuliko zote tulizowahi kukabidhiwa ije bila somo hata la alasiri moja la kuitunza?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa viongozi wanaohusika.

La kwanza, kila kata iwe na mwalimu mmoja aliyefundishwa uchunguzi wa awali wa vyombo hivi, awe na chaja mbili za nguvu, nyaya zinazofaa na kifaa kidogo cha kupimia umeme unaoingia. Wenzake wafundishwe naye kupitia Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo tayari yapo. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kununua kishikwambi kimoja kipya.

La pili, iwepo daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila shule iandike namba ya kila kishikwambi, nani anacho, siku kilipoharibika, siku kilipopelekwa kutengenezwa na siku kilipaswa kurudi. Akaunti iliyofunguliwa katika chombo nayo iandikwe na kutunzwa na mwalimu mkuu mahali pa siri, ili mwalimu akihamishwa asiondoke na ufunguo. Ofisi itakayopokea chombo itie sahihi. Pasipo na sahihi, miezi mitano hugeuka kuwa miaka mitano.

La tatu, kwa vile ambavyo kweli vimeharibika, halmashauri zinunue betri na vioo kwa pamoja badala ya kumwachia kila mwalimu ahangaike na mshahara wake. Tunao vijana waliosomea ufundi wa elektroniki katika vyuo vya VETA ambao wanatafuta kazi. Wapewe mikataba, wazungukie shule kila muhula. Hapo chombo kitapona na kijana atapata riziki.

Wako pia wanaosema kwamba vyombo hivi vimekwisha zeeka, tusubiri vipya. Nawauliza: vipya vitakapokuja vitawekwa wapi, kama si katika kabati lile lile na kwa desturi ile ile? Tusipojifunza kutunza hivi, hata hivyo vingine vitafuata njia hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu utajengwa kwa kodi ya mkulima na mfanyakazi.

Anayepata hasara kubwa si mwalimu. Ni mtoto wa darasa la tatu ambaye angeona kwa macho yake picha ya moyo unavyosukuma damu, au ramani ya mito ya nchi yake, lakini leo anachorewa ubaoni kwa chaki iliyobaki kipande, huku kishikwambi kikiwa hatua tano kutoka hapo, kimefungiwa kwa kufuli.

Walimu wenzangu, kabla ya likizo ijayo chajini vyombo vyenu kufika kiasi cha nusu au zaidi kidogo, vizimeni kabisa, viwekeni mahali pakavu pasipo joto, mbali na bati na dirisha la jua, na mvichaji tena kila mwezi. Nanyi viongozi, tunangoja chaja, daftari na fundi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoani Dodoma.